Maji, Bango na Maili ya Nane

Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Mvua kubwa ya jana imekatika, umebaki upepo. Jioni nimemsindikiza wifi Javits Center, Manhattan, kuchukua namba yake ya kifuani ya Marathoni ya New York. Kuagiza mtu hakuruhusiwi. Mkimbiaji hufika mwenyewe na kitambulisho chake. Mwanawe mdogo alikuja na bango alilolipaka rangi alipotoka shule: KAZA MWENDO MAMA. Rangi ilikuwa haijakauka. Ndani ya treni herufi ya K ilihamia kwenye koti la bwana mmoja aliyesimama karibu nasi. Alilitazama koti, akalitazama bango, akauliza mama anakimbia katika kundi la saa ngapi. Akateremka na K yake.

Tulipotoka nje upepo ulilichukua bango lenyewe. Leo ni Halloween, mitaa imejaa watu waliovaa ajabu ajabu, na aliyelidaka alikuwa mtu mzima aliyejichora mifupa mwili mzima. Mtoto alishukuru lakini hakutaka kulipokea mkononi mwake. Nilipokea mimi.

Wifi aliipata nafasi hii kwa jasho. Wanachama wa New York Road Runners wana njia yao: ukimaliza mbio 9 za chama katika mwaka mmoja na kujitolea kazi katika nyingine 1, unahakikishiwa nafasi ya marathoni ya mwaka unaofuata. Naupenda utaratibu huu. Kila anayeingia kwa njia hiyo amewahi kusimama upande wa pili wa meza.

Jumamosi, 1 Novemba

Pini nne za kufungia namba hazionekani. Zimepatikana kwenye mabawa ya popo ya yule mtoto, ambaye jana alilala nayo na leo anakataa kuyavua. Mazungumzo yalianza asubuhi yakamalizika saa nane mchana. Popo amebaki na bawa moja.

Mchana wali, maharage na viazi, kisha wali tena. Wifi anakula bila kusema neno. Kaka ndiye msemaji, na habari yake ni moja, Juma Ikangaa. Mwaka 1989 Ikangaa alishinda hapa New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia hii iliyodumu hadi 2001. Lakini kaka hukaa zaidi kwenye Boston ya 1988, Ibrahim Hussein wa Kenya 2:08:43, Ikangaa 2:08:44. Anasema kukimbia kilomita 42 na kushindwa kwa sekunde moja ni kazi ileile ya mshindi, na wa pili anastahili kutajwa kwa jina lake kamili. Alisimama kuonyesha jinsi walivyoingia mwisho, bakuli la maharage likaenda sakafuni. Kwa habari ya Ikangaa nakubaliana naye kabisa.

Usiku huu saa za Marekani zinarudi nyuma.

Jumapili, 2 Novemba

Kaka aliirudisha saa ya ukutani nyuma kwa saa moja kabla ya kulala. Mwanawe mkubwa, aliyechelewa kulala, akairudisha nyuma tena. Saa kumi alfajiri simu yangu ililia, wifi akatoka chumbani, akatazama ukuta unaosema saa tisa, akarudi kitandani. Tulibishana mlangoni kwa kunong'ona. Simu ikaaminiwa. Yeye akaelekea kwenye feri ya Staten Island, mimi Brooklyn.

Kituo changu cha kugawa maji kipo karibu na maili ya nane, barabara ya Lafayette. Kazi ya maji ina ufundi wake, na nimefurahi kufundishwa na mama mtu mzima anayeijua vizuri. Kikombe cha karatasi hujazwa nusu. Kikijaa kinamwagika puani mwa mtu anayekimbia. Vikombe hupangwa mezani, juu yake hulazwa ubao wa kadibodi, juu ya kadibodi vikombe vingine, ghorofa kwa ghorofa. Mkono unanyooshwa, kikombe kinashikwa kwa ncha za vidole ili kichomoke bila kuvutana, na unataja kwa sauti ulichoshika: maji, au kinywaji cha chumvi na sukari.

Wa kwanza kupita walikuwa wa viti vya magurudumu, mikono yao ikizunguka kasi ambayo macho yangu hayakuifuata. Baadaye wanawake wa mbele, Hellen Obiri na Sharon Lokedi kundini. Hao hawachukui vikombe vyetu. Wana chupa zao kwenye meza maalumu. Sisi tunasimama tu na kupiga kelele, na nilipiga.

Kisha wanaume, na kati yao Eliud Kipchoge, mara yake ya kwanza kukimbia marathoni hii. Nilikuwa nimejiandaa tangu saa kumi na mbili. Walipofika kwetu mwenzangu aliinua ubao mpya wa kadibodi kuanza ghorofa ya tatu, ukapita mbele ya uso wangu sawasawa. Uliposhuka niliona mgongo wa Kipchoge. Ulikuwa umenyooka, mabega yametulia, na nimeutazama mpaka ulipoishia kwenye kona.

Baada yao likaja jiji zima. Kijana mmoja alichukua kikombe changu nilichokitaja wazi kuwa cha sukari, akajimiminia kichwani. Akarudi hatua tatu, akaomba maji, akajimiminia hayo pia, akapiga saluti. Glavu zangu zililowa, zikaganda. Lami ilinata viatu kila hatua, na vijana wenye reki walikokota vikombe kama wavunaji. Wengi wameandika majina yao kifuani, nasi tuliyaita. Mmoja tulimwita Amsterdam kwa nguvu zote, naye alikuja kutueleza, bila kusimama, kwamba huo ni mji wake. Aliyevaa bendera ya Kenya nilimwambia "Kaza kaka!" akanijibu "Asante dada, maji yako matamu." Hicho kilikuwa kikombe cha maji matupu.

Programu ya simu ilinionyesha wifi anakaribia. Nilishika vikombe viwili, nikaita jina lake kwa kila mwanamke mwenye fulana ya kijani. Alipita upande wa kushoto wa barabara. Mimi nilikuwa kulia. Alipewa maji na mtu asiyemjua hata kidogo, na namshukuru mtu huyo.

Kundi la mwisho lilipopita, meza zilianza kukunjwa huku bado kuna watu wanakuja, wakitembea, wameshapandishwa kando ya barabara ili magari yarudi. Yule mama alikataa kuiachia meza yetu. Tuliihamishia kando nao, tukaendelea kumimina nusu kikombe. Anayefika mwisho amekaa barabarani muda mrefu kuliko wote; kiu yake haipungui kwa sababu washindi wamekwishaoga. Hili siwezi kulilegeza.

Nikakimbilia Bronx, mtaa wa 138, baada ya maili ya ishirini. Kaka na watoto walikuwa ng'ambo, na kati yetu marathoni. Nilishuka kituo cha treni ili nipite chini kwa chini, nikatokea mlango uleule nilioingilia. Nikashuka tena. Wifi alitufikia karibu saa tisa, akasimama, akamkumbatia mwanawe na bango pamoja. Mtoto alikuwa amelirudishia K upya asubuhi, kwa rangi nyingine, na hii pia ilikuwa haijakauka. Wifi ameingia Central Park na K ya buluu kwenye mkono wa fulana. Jua lilikuwa halijazama.

Kwenye foleni ya kutokea ndipo nilipata matokeo. Obiri 2:19:51, amevunja rekodi ya Margaret Okayo ya 2003. Kipchoge wa kumi na saba, 2:14:36. Kwa wanaume Benson Kipruto 2:08:09 na Alexander Mutiso 2:08:09, wametenganishwa na sehemu tatu za mia moja ya sekunde. Nilimpigia kaka. Aliniambia nimtaje wa pili kwa jina lake kamili, nikarudia, mtandao ukakatika.

Jumatatu, 3 Novemba

Wifi anashuka ngazi kinyumenyume. Lifti ya kituo chetu imeharibika. Ndani ya behewa kulikuwa na wengine wenye medali shingoni, nao waliposhuka walishuka kinyumenyume vilevile, wakishikana mabega, wakiulizana muda waliokimbia. Bibi mmoja alimpisha wifi kiti. Wifi alishukuru, akasema akikaa hatainuka.

Glavu zimekauka kwa sukari na zinasimama zenyewe mezani. Ukutani bado ni saa moja nyuma. Baba na mwana wanabishana nani airekebishe.

Jioni wifi ameuliza mwakani nitasimama wapi. Nimesema kushoto. Akasema basi yeye atapita kulia, maana jana alinitafuta kulia akiwa ameshapita. Kaka ameleta karatasi na kuichora Lafayette yote, meza, kona, mishale. Tumeshakubaliana upande. Sasa hivi wanabishana kama kulia ni kwa anayekimbia au kwa anayemimina.