Vumbi la Kulipia

Siku hizi ukitaka kumjua mwenye nazo, usiangalie gari lake. Angalia anavyolipenda vumbi. Sisi akina yakhe vumbi tunalikimbia: tunafunga vioo vya daladala na jasho linatutiririka, tunamwagia maji mbele ya duka asubuhi na jioni, na kabati tunalifunika kitambaa. Mwenye nazo analifuata mpaka milimani, tena kwa kulipia, na akilipata haogi mpaka apige picha kwanza.

Nasema haya kwa sababu ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa ofisi na heshima zake, aliyekuwa na akili timamu mpaka aliponunua baiskeli ya changarawe. Bei yake ni bodaboda mbili mpya na chenji inabaki kidogo. Nilimuuliza kwa pesa hiyo injini iko wapi. Akanipiga bega: "Injini ni wewe mwenyewe, shem."

Kwa ambao janga hili halijawafikia nyumbani, nieleze. Baiskeli hii si ile ya mashindano ya lami yenye tairi nyembamba, wala si ile ya milimani yenye springi mbele. Iko katikati. Usukani umepinda kwenda chini, fremu ni ya kaboni, na tairi zina upana wa milimita 40 au zaidi. Tyubu hakuna. Ndani ya tairi hutiwa ute mweupe ambao mwiba ukichoma unaziba tundu wenyewe, na upepo unajazwa kidogo tu ili tairi libonyee juu ya jiwe badala ya kudunda. Haya yote shemeji anavyoyaeleza, utadhani yaliteremshwa kwake.

Ugonjwa wake mkubwa ni uzito. Kengele ameing'oa kwa sababu ina gramu zake. Mswaki wa safari ameukata mpini. Chupa ya maji haijazi mpaka juu. Kitambi chake tu ndicho hakijapunguzwa hata gramu moja, na mimi kama mtu niliyeoa kwao siwezi kukitaja.

Mchezo wenyewe una wenyewe. Marekani, katika mji wa Emporia jimboni Kansas, tangu mwaka 2006 watu hukusanyika kushindana maili 200, yaani kilomita 320 na ushee, kwenye njia za mashamba na malisho ya Flint Hills, ambako mawe ya gumegume huchana tairi bila huruma. Italia walitangulia kwa staili yao. Mwaka 1997, kwenye kimji cha Gaiole in Chianti, Giancarlo Brocci alianzisha mbio za L'Eroica, ambazo si za kushindana bali za kujikumbusha zamani. Anayetaka kushiriki rasmi aje na baiskeli ya mwaka 1987 au nyuma ya hapo, gia zibadilishwe kwa vishikizo vilivyoko kwenye fremu, na waya za breki zipite nje zionekane. Waendeshaji wa kulipwa nao wakanogewa. Mwaka 2007 wakaanzishiwa mashindano yao, ambayo leo yanaitwa Strade Bianche, yanayokata barabara nyeupe za vumbi za Toscana na kumalizikia Siena, kwenye uwanja wa Piazza del Campo.

Hadi hapo sina neno. Kilichoniudhi ni sababu ya L'Eroica kuanzishwa: kuzitetea hizo barabara nyeupe zisije zikawekwa lami. Nilimwambia shemeji arudie. Akarudia. Yaani watu wazima, wenye akili na kadi za kupigia kura, wanaomba wasiletewe lami! Kwetu lami ndiyo huwapeleka watu bungeni. Mtu anaahidi lami, anachaguliwa, anamaliza miaka mitano, anarudi kuahidi lami ileile, na kokoto za mfano bado zimerundikwa pale pale, mbuzi wanalalia. Laiti wagombea wetu wangezaliwa Toscana! Wangeahidi kutofanya kitu, wangetimiza, na wangejengewa sanamu.

Basi shemeji akaona Toscana yake iwe Usambara, na dada yake, ambaye ni mke wangu, akaona mimi nimsindikize. Kisa? Nina tumbo. Nikaazimiwa baiskeli, nikavalishwa kaptula ya kubana yenye godoro katikati, ambayo mwanamume mwenye wakwe hapaswi kuonekana nayo mchana.

Mombo tulisimamisha gari lililobeba baiskeli. Pembeni alikuwepo kijana ana Phoenix nyeusi, ina magunia mawili ya mpunga kwenye keria, yamefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Nikainama nikasoma ubavu wa tairi lake: 28 × 1½. Inchi moja na nusu ni milimita 38. Nikasoma la shemeji: 40. Nikamwita aje naye asome. Mabwana hawa wa viwandani wamefanya utafiti, wamechora, wamevumbua, wamepandisha bei, kisha wamefika milimita mbili kutoka kwa mbeba mpunga wa Mombo. Shemeji akasema tofauti iko kwenye uzito. Akamgeukia kijana: "Mdogo wangu, hiyo yako ina kilo ngapi?"

Kijana akamtazama kwanza kuanzia kofia hadi viatu. "Na mpunga au bila mpunga?"

Safari yetu ilikuwa ya kihistoria. Hilo neno shemeji alilitumia mpaka likachakaa. Ni kweli, historia ipo. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Wajerumani wakapandisha barabara kuzifuata kona za mlima hadi Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, ambako wakubwa wao walikwenda kupunga hewa joto la Dar es Salaam likiwazidi. Kipande hicho leo ni lami, kwa hiyo hakimfai shemeji. Tulikipita ndani ya gari, mimi nikiomba dua kiwe kirefu zaidi. Yeye alikuwa anaitaka njia ya juu, inayokwenda Mtae, ambako lami inakukimbia na unabaki na udongo mwekundu, korongo upande mmoja na kabichi upande wa pili. Nikamkumbusha kwamba magogo ya Shume Wajerumani haohao hawakuthubutu kuyashusha kwa barabara. Walivuta waya, magogo yakateremka yananing'inia hewani mpaka Mkumbara kwenye reli. Kama Mjerumani na ubishi wake aliikwepa barabara, sisi ni nani? Akanijibu, "Ndiyo raha yake."

Raha yake ni hii. Gari likipita, hulioni tena kwa dakika nzima, na wewe mwenyewe hujioni. Kisha kuna mawimbi. Magari yakikimbia juu ya udongo mkavu, gurudumu linaruka kidogo. Likitua linausukuma udongo mbele, la gari linalofuata linaruka palepale, na siku si nyingi barabara nzima imekuwa matuta madogo madogo yaliyopangana. Baiskeli yangu haikuchangia hata tuta moja, maana kwa mwendo wangu hata kuku hashtuki, lakini matuta yote niliyalipia mimi, kwa meno na kwa viungo nisivyoweza kuvitaja gazetini. Godoro la kaptula lilisalimu amri mapema.

Watoto walitupokea kila kijiji. "Mzungu! Mzungu!" Mimi, mweusi wa Mungu, jasho na vumbi vimeshanigeuza tofali, naitwa mzungu. Mmoja mwenye adabu zake akanyoosha: "Shikamoo mzungu!" Nikaitikia marahaba; ningefanyaje? Bodaboda naye akapunguza mwendo akaenda sambamba na mimi mlimani. "Mzee, panda nikusogeze, baiskeli tutaifunga nyuma. Buku tatu tu." Nikamtazama shemeji aliyekuwa mbele. Bodaboda akashusha sauti: "Buku mbili. Na sisemi kwa mtu."

Kwenye kona moja tulisimama kupumua, ingawa shemeji alisema tunasimama kutazama mandhari. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya lundo la kabichi anasubiri fuso. Tukamwamkia, akaitikia, akatuuliza tumeibiwa gari wapi. Shemeji akamweleza kwa heshima zote kwamba hatujaibiwa, tumekuja kwa ajili ya barabara yenyewe, kwa kuwa ni ya kihistoria.

"Historia yake naijua," mzee akasema. "Mvua ikinyesha, fuso linakwama pale chini. Likikwama, kabichi zangu zinaoza. Sasa nyie mnalipwa shilingi ngapi kuipita?"

"Hatulipwi, mzee wangu. Tunalipa sisi."

Mzee alinyamaza, akageuka kunitazama mimi, labda kwa sababu nilionekana mwenye hali mbaya zaidi. "Poleni," akasema, na akatupa kabichi moja ya bure. Shemeji akaikataa kwa adabu, eti nzito.

Tangu hapo nimelitafakari suala hili, na msimamo wangu ni kwamba vumbi hupendwa na mwenye lami. Huyo wa Toscana anaitetea barabara nyeupe kwa sababu mgonjwa wake hapitii hiyo kwenda hospitali. Anayo nyingine nyeusi upande wa pili wa kilima. Wale wanaoendesha baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, safari ya karibu kilomita 12,000 iliyoanza kuandaliwa mwaka 2003, walizoea kupita Kondoa wakila vumbi. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipoizindua lami ya Dodoma hadi Babati, inawezekana yupo mwendesha baiskeli huko Ulaya aliyesikitika. Sijasikia mtu wa Kondoa aliyeweka matanga.

Kwa hiyo napendekeza tukutane katikati, kama ilivyo baiskeli yenyewe. Wapenda vumbi wasizuiwe. Waje, tena kwa wingi. Lakini kiingilio kisiwe dola. Kila anayeipanda barabara ya kihistoria ashuke na gunia la kabichi hadi sokoni, bila malipo, jua na mvua, mpaka siku greda litakapofika. Keria nitawafungia mimi kwa mkono wangu, na mpira wa tyubu ninao. Hapo mkulima atapata usafiri, mgeni atapata historia yake yote bila kupunguziwa, na tutajua nani anaipenda barabara na nani anapenda picha.

Nilimweleza shemeji wazo hilo kwa njia ya simu. Alikaa kimya, nikadhani limemwingia. Kisha akaniuliza kabichi moja ina gramu ngapi.