Idodi Hakuna Gauni Lisilo na Kazi

Hapa Idodi hatuna desturi ya kumuuliza mtu kazi yake. Tunamtazama tu. Mwenye buti na sare ya kijani iliyopauka kwa jua ni askari wa wanyamapori. Mwenye shuka nyekundu na fimbo ana ng'ombe mahali fulani, na huenda wako shambani kwako sasa hivi. Aliyevaa kitenge kipya siku ya kazi ana mgeni, ana msiba au ana kesi kwa mtendaji wa kijiji. Yule wa suruali ya kaki yenye mifuko hadi magotini anapelekwa Hifadhi ya Ruaha. Atatupungia mkono dirishani na kutuachia vumbi. Kwa hiyo mtu anayevaa gauni la katuni za Kijapani kwa sababu tu analipenda, anakipa kijiji kizima mtihani.

Mtu huyo ni mimi. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu, nina miaka thelathini na ushee, na nina mtoto darasa la nne. Ugonjwa wa katuni hizo, yaani anime, niliambukizwa na binamu yangu anayesoma chuo Iringa mjini, ambaye kila likizo huja na flashi iliyojaa. Yeye huangalia mapigano. Mimi huangalia marinda. Wasichana wa kwenye katuni hizo wanakimbia, wanaruka juu ya paa, wanapigana na mashetani, na gauni halijikunji hata kidogo. Mimi nikipanda basi la Costa kutoka Mwangata mjini hadi hapa, nashuka kama nimetafunwa na ndama.

Najua mavazi kama haya yana mahali pake. Nairobi wenzetu wana NAICCON, mkutano wa mashabiki wa vibonzo na katuni, ambako mtu akitokea na wigi la waridi watu wanaomba kupiga naye picha. Huku kwetu hakuna siku iliyotengwa kwa mambo hayo. Kwa hiyo mimi magauni yangu nayavaa Jumanne.

La kwanza lilikuwa gauni la baharia: kola pana inayoshuka mgongoni, mistari myeupe, utepe mwekundu kifuani, sketi ya marinda. Fundi niliyempelekea picha kwenye simu aliitazama kwa muda, akaikuza kwa vidole viwili, akakata kitambaa cha bluu iliyoiva kutoka kwenye jora alilobakiza Januari. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, nembo ya shule tunaiweka wapi.

Na wala hakukosea sana. Kola hiyo ina historia ndefu ya kupanda na kushuka vyeo. Mwaka 1846 Malkia Victoria wa Uingereza alimshoneshea mwanawe, ambaye hata miaka mitano hakuwa ametimiza, suti ndogo ya baharia ya kuvaa melini. Mtoto akachorwa picha, na wazazi wa Ulaya wakaona hiyo ndiyo nguo ya mtoto mwenye adabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 shule za wasichana huko Japani zikaichukua iwe sare. Fukuoka Jo Gakuin walikuwa nayo mwaka 1921. Ikakaa shuleni miaka sabini hivi, mpaka mchoraji Naoko Takeuchi alipoanza kuchapisha Sailor Moon mwishoni mwa 1991, na mwaka uliofuata wasichana wake wakaingia kwenye televisheni wakiokoa dunia wakiwa wamevaa kama wanaowahi namba. Kutoka jeshini kwenda ikulu, kutoka ikulu kwenda darasani, kutoka darasani kwenda vitani tena. Ilipofika Idodi, ikarudishwa darasani bila hata kuulizwa.

Konda ndiye aliyeanza. Gari likiwa limejaa, alipaza sauti: "Denti, simama, mkubwa akae!" Nikageuka kumtafuta denti. Abiria wote walikuwa wananitazama mimi. Nikasimama, na mkubwa aliyekaa alikuwa kijana wa kidato cha sita, amevaa nguo za nyumbani. Siku nyingine bodaboda mmoja alikataa katakata kunibeba jioni. Tangu sheria ya elimu irekebishwe mwaka 2016, anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela. Sheria nzuri, naiunga mkono, nina binti. Lakini bodaboda wa kwetu wameichukua kwa uzito ambao bunge lenyewe halikuutarajia. "Dada, shuka," aliniambia. "Watu wakituona, kabla sijajieleza nitakuwa nimeshahukumiwa." Nikamwonyesha kitambulisho cha taifa. Akasema hata vitambulisho vinaghushiwa.

Lililonichoma zaidi ni la mwalimu mgeni, kijana wa juzi tu, aliyenikuta gengeni saa nne asubuhi nachagua nyanya. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akasubiri. Nami nikasubiri. Hatimaye nikaelewa kwamba alikuwa anangoja shikamoo. Mama muuza genge, badala ya kuniokoa, alijifunika uso kwa upande wa khanga na mabega yakawa yanatikisika.

Sasa nije kwenye mbung'o, maana nao hawakuliacha gauni hilo. Kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kilipata safari ya kutembelea hifadhi. Ni aibu kukaa mlangoni kwa tembo na kumjua kwa kula mahindi yako tu. Wenzangu walivaa vitenge na fulana. Mimi nilivaa bluu yangu. Tulipoingia porini mbung'o waliingia kwenye gari, wakampita mwenyekiti, wakampita mhazini, wakanijia mimi. Aliyeumwa na mbung'o anajua: haombi samahani kama mbu, anatoboa hata kupitia nguo, ukimpiga kofi anainuka na kujipanga upya. Akina mama wakaanza kusogea mbali nami. Kisha mmoja, mwenye akili za kibiashara, akagundua kwamba kwake hawaji. "Jamani, turudini," akasema. "Mkae karibu naye, anatukinga."

Askari aliyekuwa akituongoza akasimamisha gari kutuonyesha kitu mtini: kitambaa cha bluu na cheusi kimetundikwa, kimepakwa dawa. Akaeleza kwamba bluu humvuta mbung'o akiwa mbali, na nyeusi humfanya atue, ndipo dawa immalize. Kwa hiyo wageni hushauriwa kutovaa rangi hizo. Gari likawa kimya. Mhazini akautazama mtego, akanitazama mimi, akautazama tena mtego.

"Mwenzetu," akasema, "fundi wenu ni mmoja?"

Tangu siku hiyo nawaza kuhamia Unguja. Kule walimmaliza mbung'o kabisa: kuanzia mwaka 1994 waliachia madume tasa waliofugwa Tanga, na kufikia 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa salama. Nchi nzima inaijua Unguja kwa fukwe zake. Mimi naijua kama mahali pekee ninapoweza kuvaa gauni langu kwa amani.

Gauni la pili nililitoa mnadani, kwenye belo la mitumba lililofunguliwa mbele yangu: jeusi, mikono ya puto, aproni nyeupe ya lesi juu yake. Kwenye anime gauni hilo huvaliwa na wahudumu wa migahawa, na huko Tokyo, mtaa wa Akihabara, kuna migahawa ya kweli ya namna hiyo tangu mwaka 2001. Nikalivaa kwenda harusi. Kosa ni la kamati, iliyowakodi wahudumu wenye nyeusi na nyeupe na kuwapa maelekezo kwa kipaza sauti. Kabla sijafika kwenye kiti changu nilikuwa nimeshikishwa sinia la soda. Nikampelekea mtu mmoja kwa adabu, nikidhani ni msaada wa dakika moja. Meza ya pili ikaita. Meza ya wakwe ikalalamika kwamba soda si ya baridi. Shangazi yangu mwenyewe alininyooshea kidole: "Wewe binti, pilau huku!" Alinitambua nilipomkaribia, akashtuka, akanihurumia kwa moyo wote, kisha akaongeza, "Basi na kachumbari." Zawadi niliyokuja nayo mkononi ilipelekwa mbele na mtu mwingine, na jina langu halikusomwa. Mimi nilikula na wahudumu wenzangu, nyuma ya turubai, ukoko na mchuzi. Ulikuwa mtamu, nisiseme uongo.

Lipo pia jeupe la lesi tupu. Hilo silivai msimu wa komunyo ya kwanza, wala sitaeleza kwa nini.

Nilikuwa karibu kukata tamaa mwenyekiti wa kwaya ya akina mama alipokuja kibandani kutoa pesa. Hakutoa pesa. Alizunguka kaunta, akaishika kola yangu ya baharia, akaipima kwa shibiri, akauliza fundi ni nani. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamweleza mambo ya Japani, mistari, utepe, yote, naye akaitikia huku akihesabu mita za kitambaa kwa midomo.

Jumapili ya mavuno kwaya iliingia kwa mwendo wa madaha, safu tatu za mabaharia, bluu, kola nyeupe mgongoni, utepe mwekundu kifuani, bibi mmoja wa miaka sabini akiongoza. Kanisa zima likapiga vigelegele. Nami nilikuwa benchi la nne, nimevaa la kwangu.

Mwalimu wa kwaya akaniona. Akanikazia macho kama mtu aliyemkamata mtoro, akanyoosha fimbo yake, akanionyesha pengo kwenye safu ya sauti ya pili. Watu wakanipisha njia. Nikapanda mbele, nikafungua na kufunga mdomo nyimbo zote tatu bila kutoa sauti.

Baada ya ibada mhazini wa kwaya alinifuata na daftari. "Mwenzetu, bado hujalipia utepe."

Nikamwambia utepe ni wangu, gauni ni langu, hata hiyo kola wote wameigia kwangu.

"Sawa," akasema, akaandika. "Basi unadaiwa kiingilio tu."