Shitingi Yenye Nembo

Mpwa wangu anasoma sheria Goma. Kila akipanda Kirolirwe likizo namchinjia kuku, naye hunilipa kwa kunitia hofu. Safari hii hakumaliza hata paja. Aliona picha niliyoianika ukutani, akaacha kutafuna.

"Mjomba, hiyo ni ya kuuza?"

"Dola hamsini," nikasema, nikidhani ameniletea mteja.

"Basi umejitafutia kesi."

Nilichora malisho yetu wakati wa mvua: ng'ombe, mchungaji, chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye kreti za bia ikiteremka Sake, kibanda cha muuza unite za simu, nyumba ya shitingi, yaani turubai la wakimbizi. Nani atachora vitu hivyo bila nembo? Kreti ina jina lake. Kibanda kimepakwa rangi za kampuni ya simu hadi kwenye bati. Na shitingi ina yule mtu wa UNHCR aliyefunikwa na mikono miwili. Hapa kwetu hata ndama akizaliwa usiku wa baridi hufunikwa nembo hiyo.

Kijana akaanza kunihesabia kwa vidole vyenye mafuta. Sheria ya Kongo ya 7 Januari 1982: aliyeandikisha alama ya biashara ni yake miaka 10, akilipa tena anaongezewa. Ile ya 5 Aprili 1986 inalinda michoro, na nembo nayo ni mchoro. Na wenye shitingi ni watoto wa Umoja wa Mataifa, ambao tarehe 7 Desemba 1946 uliziomba nchi zizuie nembo yake kutumiwa kibiashara bila ruhusa ya Katibu Mkuu. Mimi hata chifu wa kijiji simpati ofisini!

"Mbona Warhol alichora makopo ya supu ya Campbell 1962," nikajitetea, "na 1964 kampuni ikamwandikia barua ya sifa na kumpa supu?"

"Huyo alibahatika. Nadia Plesner wa Denmark alichora mtoto wa Darfur na mkoba wa Louis Vuitton. Kampuni ikamshtaki, mahakama ya The Hague ikamtisha kwa faini ya yuro 5,000 kwa siku, kabla hajashinda Mei 2011."

Nikapiga hesabu. Picha mia na zaidi kila siku, bila kulala.

Kinachoniuma ni ukuta wangu. Vijana wa kampuni moja walikuja na ndoo, wakaupaka rangi zao upande wa barabarani, wakaniachia kofia. Hakuna aliyeuliza ukuta una haki za nani. Leo nikiuchora ukuta huohuo, mimi ndiye mwizi!

Mpwa akanihurumia. Kinachoangaliwa zaidi, akasema, ni kama mnunuzi atadhani kampuni ndiyo iliyokutuma. Picha ya kijiji ambamo kreti inapita tu ina utetezi. Fulana yenye nembo tupu kifuani haina.

Nikasogea polepole, nikakalia mfuko wa fulana.

Usiku nilichukua brashi. Kreti nikaifanya mzigo wa majani, kibanda nikakifuta, shitingi nikaigeuza nyumba nyeupe ya mbao. Jumamosi akaja mteja, mtu wa Kinshasa, akaitazama muda mrefu.

"Nzuri sana, papa. Hii ni Uswisi?"