Kwa Waheshimiwa Watayarishaji wa Filamu, Mumbai

YAH: RIWAYA ZILIZO NYUMBANI KWENU

Waheshimiwa wanapongezwa kwa juhudi zao za kusaka hadithi ng'ambo. Jane Austen alivalishwa mitindo ya matajiri wa Delhi katika Aisha (2010), kisha Charles Dickens akapelekwa kupigwa na baridi ya Kashmir katika Fitoor (2016). Vishal Bhardwaj hahusiki na barua hii. Maqbool, Omkara na Haider zilimtendea Shakespeare haki.

Watazamaji wa Pwani, ambao wazee wao walipanga foleni Zanzibar na Mombasa kutazama Awaara na Mother India, wanakiri kwamba riwaya za nyumbani hazikusahaulika kabisa. Devdas yupo. Sarat Chandra Chattopadhyay alimchapisha mwaka 1917, na tangu hapo mlevi huyo hajaachwa apumzike: K. L. Saigal miaka ya 1930, Dilip Kumar mwaka 1955, Shah Rukh Khan mwaka 2002, na mwaka 2009 akaletwa na vodka katika Dev.D. Mtetezi atataja Parineeta (2005). Nayo ni ya Sarat Chandra huyohuyo.

Huenda shida ni fedha. Satyajit Ray alipoishiwa akitengeneza Pather Panchali, kutoka riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, vito vya mkewe viliwekwa rehani, kisha serikali ya Bengal Magharibi ikamwokoa. Kwa kuwa jina la filamu lilitaja njia, fedha hizo ziliandikwa kwenye hesabu za matengenezo ya barabara. Filamu ikatoka mwaka 1955 na mwaka uliofuata ikatuzwa Cannes. Barabara chache zimefika mbali hivyo.

Au shida ni waandishi, watu wasumbufu. R. K. Narayan alilalamika hadharani baada ya Guide (1965), eti kwa sababu tu mji mdogo wa Kusini wa riwaya yake ulihamishiwa kwenye makasri ya Rajasthan.

Kerala wao wanaendelea kusoma. Chemmeen, riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai kuhusu wavuvi, iligeuzwa filamu mwaka 1965 ikanyakua medali ya dhahabu ya Rais. Mwaka 2024 Blessy alileta Aadujeevitham, kutoka riwaya ya Benyamin kuhusu kibarua aliyenasa jangwani Saudia akichunga mbuzi. Hadithi hiyo haihitaji kufafanuliwa Mombasa, ambako vijana wengi nao wanakwenda Ghuba kutafuta riziki.

Mei 2022, Ret Samadhi ya Geetanjali Shree, iliyoandikwa kwa Kihindi, ilishinda tuzo ya International Booker. Agosti, Mumbai ikajibu kwa Laal Singh Chaddha: Forrest Gump ileile ya mwaka 1994, sasa imefungwa kilemba, na boksi la chokoleti limekuwa golgappa. Forrest Gump yenyewe ilitoka kwenye riwaya ya Winston Groom, maana yake kuna mtu Hollywood aliyefungua kitabu. Watazamaji wa India hawakuikimbilia Laal Singh Chaddha. Mama wa Aamir Khan humo ni Mona Singh, ambaye Aamir anamzidi kwa miaka 16. Shujaa wa Ret Samadhi ni ajuza wa miaka 80 anayevuka mpaka kuingia Pakistan, kwa hiyo iwapo waheshimiwa watainunua, wanaombwa mapema wasimpe nafasi hiyo binti wa miaka 30 aliyepakwa mvi.

Wenu katika foleni ya tiketi,
Watazamaji wa Pwani