Barua ya Wazi kwa Wakuu wa NCAA: Mjomba Yuko Tayari Kupanda Ndege

Waheshimiwa wa NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo vya Marekani, Indianapolis,

Huku kwetu Iten, Kenya, mvua imenyesha, vijana wamerudi kutoka mbio za alfajiri, na kocha mwingine wa kwenu amepiga simu.

Binti yangu amenisomea kanuni zenu za ziara rasmi za wanamichezo, nikafurahi hadi nikaomba arudie. Kumbe chuo kikimtaka kijana kinaweza kumlipia nauli, malazi na chakula aende akakikague kabla ya kusema ndiyo! Kwa miaka mingi mliipimia ziara hiyo saa 48, na kijana hakuruhusiwa kupita ziara tano. Mwaka 2023 mkaondoa hicho kikomo cha tano. Hata jamaa wawili wanaweza kulipiwa nauli. Tena mwaka 2004, baada ya kashfa ya karamu za kuwakaribisha wachezaji wa futiboli ya Kimarekani kule Colorado, mkapiga marufuku kuwabeba wageni hao kwa ndege za kibinafsi. Asanteni sana. Jambo hilo lilikuwa likitunyima usingizi hapa Iten.

Lakini mpwa wangu, mkimbiaji aliyetakiwa na chuo kimoja cha kwenu, alifanya ziara yake kwenye simu ya mamake, chini ya mti ambapo mtandao hushika. Kocha alikuwa ameuona muda wake wa mita 5,000. Sura hakuwahi kuiona. Akatutembeza: uwanja, gimu, beseni la maji ya barafu (tulicheka, huku mto ni wa bure), na kabati lililokwisha kubandikwa jina la kijana, herufi mbili zikiwa zimekosewa. Nikauliza, "Kocha, ufadhili ni wa miaka mingapi?" Picha ikaganda. Kocha akabaki mdomo wazi dakika nzima, bando likaisha. Kesho yake karatasi za kutia sahihi zikafika. Hizo hazikuganda.

Kijana akatia sahihi, na Agosti akapokewa vizuri chuoni. Novemba kocha akahamia chuo kingine chenye mshahara mnono. Desemba mabweni yakafungwa kwa Krismasi, wenzake wakaenda kwao, naye akaulizwa kwa upole kwao ni wapi.

Sisi si wageni kwenu. Mwaka 1978 Mkenya mwenzetu Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Iweje basi anayetoka mji wa jirani apelekwe kuonja chakula cha chuo, na anayevuka bahari auziwe mbuzi kwenye gunia?

Sasa kuna mpwa wa pili, nami najitolea kumsindikiza. Saa 48 zinanitosha. Uwanja sitautazama, nyasi ni nyasi, na ng'ombe sitamkuta. Nipelekeni kwa mkimbiaji yeyote aliyeumia mguu muhula uliopita, nimuulize nani alimlipia daktari na kama kocha bado analikumbuka jina lake. Mwanafunzi atakayepangwa kutuzungusha nitamnunulia chai (la, atatununulia yeye, kanuni zinaruhusu), ningoje kocha aende msalani, ndipo nimuulize ni wangapi waliohama mwaka jana na kwa nini. Naambiwa vyuo vingi vikubwa sasa vina kikomo cha wakimbiaji 17 katika kikosi cha mbio za nyika. Nitataka kujua kijana wetu ni wa ngapi, na wa 18 hupelekwa wapi. Halafu masomo: anataka uuguzi. Wodi humtaka mwanafunzi alfajiri, na kocha humtaka alfajiri hiyo hiyo. Ataamkia wapi?

Hoteli sitaki. Nilazeni bwenini, lile litakalofungwa Desemba, niujue mlango wake.

Ubalozini wataniuliza naenda Marekani kufanya nini, nami nitasema naenda kukagua bweni. Tafadhali niandikieni barua, maana jibu hilo hata mimi nisingeliamini.

La mwisho. Mama wa kijana atambebea kocha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Tujulisheni mapema kama kanuni zenu zinakihesabu kuwa hongo, tukimalize Eldoret kabla ya kupanda ndege.

Wenu mtiifu,
Mjomba wa mkimbiaji, Iten