Mto wa Kidole Gumba

Nampongeza mpiga besi wetu wa kanisani. Gitaa la nyuzi nne lilimchosha, akanunua la nyuzi tano. Shingo yake ni pana zaidi, uzito umeongezeka, na bega la kijana limeshuka upande mmoja kama la mbeba maji. Lakini starehe ni starehe. Ule uzi mnene wa juu haujapigwa tangu Pasaka. Kazi yake ni kuegemeza kidole gumba. Ni busara ileile ya kununua basi zima ili upate pa kuweka kiwiko. Na hata ukipigwa, mitetemo yake ni kama 31 tu kwa sekunde. Spika zetu, ndugu za zile za kutangazia mnada, zingeupokea kwa ukimya wa heshima.

Mpiga besi James Jamerson wa Detroit namwonea huruma. Nyuzi nne, kidole kimoja cha mkono wa kulia, maskini, ndivyo alivyopigia nyimbo za Motown zilizozunguka dunia. Angepata raha kidogo, nani ajuaye angefika wapi!

Kijana wetu bado ana noti mbili kwa kila wimbo, ila sasa anazipiga kwa utulivu. Anatafuta la nyuzi sita, kidole cha shahada nacho kipumzike.