Namna ya Kumng'oa Bashir Ukiwa Kwenye Kochi Lako

Kwanza, kaa mbali. Wapo wanaolidharau sharti hili, wakajikuta wamepigwa mabomu ya machozi na kulala mahabusu bila shuka. Mapinduzi yanayofuatiliwa kutoka Mbagala au Mombasa yana chai ya tangawizi, na ukichoka unazima simu. Mwongozo huu unatumia mfano wa Sudan, 2018 na 2019, kwa kuwa Wasudani walitupa sisi wafuatiliaji kila tulichohitaji: dikteta aliyekaa madarakani miaka 30, Bashir mwenyewe, umati usio na mwisho, picha za kupendeza, na nchi iliyo karibu kiasi cha kuiita ndugu lakini mbali kiasi cha kutotuletea wageni wa kulala.

Jambo la pili ni saa. Chama cha Wanataaluma, muungano wa madaktari, walimu, wanahabari na wanasheria ulioratibu maandamano, kilizoea kuyaitisha saa saba mchana, na ishara ya kuanza ilikuwa vigelegele vya wanawake. Khartoum iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, kwa hiyo kwako ni saa nane: umeshakula, bosi hajarudi, bando lipo. Huko kwao Facebook na WhatsApp zilifungiwa tangu Desemba 2018, na wenye kujua walizifungua kwa VPN. Wewe huna shida hiyo. Jilaze.

Tatu, uwe mtaalamu wa Sudan. Kazi ya dakika kumi. Sema ni mkate. Na kweli bei ya mkate ilipanda kutoka pauni 1 hadi 3, na tarehe 19 Desemba 2018 watu wa Atbara, mji wa reli kaskazini mwa Khartoum, wakaingia barabarani na kuichoma ofisi ya chama tawala. Ishia hapo. Ukianza kueleza kwamba nchi ilipoteza sehemu kubwa ya mafuta yake Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011, kwamba benki hazikuwa na noti za kuwapa wenye akaunti, kwamba jeshi na usalama wa taifa ndio waliokuwa wakila bajeti, kijiwe chote cha kahawa kitakuhama. Mkate kila mtu anauelewa.

Ukishakuwa mtaalamu, toa ushauri. Waambie vijana wa Khartoum wawe na subira. Kesho yake waambie wamelegea mno. Wakumbushe kwamba mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Watu hawa walimwondoa Jenerali Abboud mwaka 1964 na Nimeiri mwaka 1985, mara zote mbili kwa migomo na maandamano, na tarehe waliyochagua kwenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi, 6 Aprili 2019, ni ile ile aliyoanguka Nimeiri. Wewe hujawahi kumwondoa hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako. Hilo lisikutie haya.

Kisha tafuta picha. Bila picha hakuna mapinduzi. Bahati nzuri, tarehe 8 Aprili mwanafunzi Alaa Salah alipanda juu ya gari akiwa na vazi jeupe na hereni za dhahabu, kidole juu, na Lana Haroun akampiga picha kwa simu. Isambaze. Andika "malkia" na uweke ua. Usihangaike kuuliza ni kwa nini wanawake walijaa namna ile, maana utaambiwa habari za sheria ya maadili iliyoruhusu mwanamke kuchapwa viboko kwa kuvaa suruali, au za akina dada waliokuwa na kikundi chao cha Facebook cha kuchunguza wachumba, wakakigeuza kuwa mahali pa kutambua sura za maofisa wa usalama waliopiga watu. Hayo hayatoshi kwenye fremu.

Tarehe 11 Aprili utahitaji chaja. Alfajiri jeshi lilisema litatoa tangazo muhimu baada ya muda mfupi, televisheni ikapiga nyimbo za kijeshi, na muda mfupi ukawa wa hadi mchana. Hatimaye akatokea Waziri wa Ulinzi, Awad Ibn Auf, kusema kwamba Bashir ameondolewa na kwamba yeye ndiye mkubwa sasa. Shangilia. Hapa ndipo mfuatiliaji mzoefu anapoaga, kwa sababu mbaya ameanguka na filamu imekwisha. Wasudani, watu wagumu, hawakuondoka. Walikataa kubadilishiwa kanzu huku mwili ni ule ule, na kesho yake Ibn Auf naye akaondoka. Akaja jenerali mwingine, Burhan. Watu wakaendelea kulala pale pale barabarani, wakigawana futari Ramadhani ilipoingia.

Ukiwa bado upo kufikia Juni, jiandae kuhuzunika kwa gharama nafuu. Tarehe 3 Juni, siku za mwisho za Ramadhani, RSF, kikosi cha wanamgambo cha Jenerali Hemedti, kiliongoza uvamizi wa kambi ile ya waandamanaji. Kamati ya madaktari ilihesabu waliouawa zaidi ya 100. Miili mingine ilitupwa katika Mto Nile. Intaneti ikakatwa kwa zaidi ya mwezi. Dunia ikabadilisha picha zake za wasifu kuwa bluu, rangi aliyoipenda kijana mmoja aliyeuawa siku hiyo. Bluu haina gharama na inakubali kila ngozi. Zikaibuka pia akaunti za Instagram zilizoahidi kupeleka sahani ya chakula Sudan kwa kila atakayezifuata. Mamia ya maelfu walizifuata, na hakuna mtoto wa Omdurman aliyeiona sahani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi hata hilo kanda tulilibeba kwa kidole gumba.

Wakati huo Wasudani, wasio na intaneti wala picha ya bluu, walikuwa wakiandika kwenye kuta, wakitumiana ujumbe mfupi na kuitana nyumba kwa nyumba kupitia kamati za mitaa. Tarehe 30 Juni wakajaa tena barabarani, kwa wingi ulioshangaza hata majenerali.

Yaliyofuata yanafuatiliwa haraka, maana hayana muziki. Agosti 2019 yakaja mapatano na waziri mkuu raia, Abdalla Hamdok. Tarehe 25 Oktoba 2021 Burhan akaipindua serikali hiyo. Tarehe 15 Aprili 2023 Burhan na Hemedti wakageukiana, na vita yao imewafukuza makwao zaidi ya watu milioni 10. Katika vita hiyo vijana wengi wa zile kamati za mitaa wamekuwa wapishi: wanaendesha majiko ya jamii yanayolisha majirani waliozingirwa. Mengi yalifungwa mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada. Yaliyobaki yanapokea mchango wa mtu yeyote, kutoka popote, hata kwenye kochi. Picha ya bluu hayapokei.